Taa za nje zenye sensa: usiilaumu sensa kabla hujapima nyaya

Dada, pole kwa usumbufu na hela iliyokwenda. Nimesoma uzi wote na majibu ya wadau. Kwa wanaoingia sasa, kisa kwa kifupi ni hiki: nyumba ni ya mzee, iko Pasua, Moshi, ya zamani kidogo. Taa mbili za nje zenye sensa zilikufa, moja upande wa geti na nyingine nyuma ya jiko. Dada kanunua taa mpya za LED na sensa zake, fundi kaja kafunga. Ya getini haiwaki kabisa, ya jikoni inawaka usiku kucha haizimi. Fundi kasema sensa ni feki, zinunuliwe nyingine. Kwenye picha nyaya zinazotoka ukutani ni nyekundu na nyeusi, za sensa ni kahawia, bluu na nyekundu.

Usinunue kitu bado. Mimi nilisomea umeme wa majumbani chuo cha ufundi cha VETA, baadaye maisha yakanipeleka kwenye shughuli nyingine, ila kwangu Sakina, Arusha, na kwa wazazi uchagani kazi hizi ndogo nazifanya mwenyewe, na majirani hunigongea mlango. Hili la kwako nimeliona kwenye nyumba nyingi mno kiasi kwamba nikiambiwa "sensa feki" swali langu la kwanza huwa: nyekundu umeiunga wapi?

Sensa ya kawaida ya nje, ile yenye kichwa cha mviringo na plastiki nyeupe mbele, inatoa nyaya tatu. Kahawia ni umeme unaoingia. Bluu ni nyutro, yaani njia ya umeme kurudi. Nyekundu ni umeme unaotoka kwenda kwenye taa pale sensa inapomwona mtu. Katikati ya kahawia na nyekundu kuna rilei, yaani swichi inayojifunga na kujifungua yenyewe. Sasa fundi aliyekulia kwenye nyumba zetu za zamani, ambako nyekundu ndiyo laivu, yaani waya unaoleta umeme, akiona waya mwekundu kwenye sensa mkono unakwenda wenyewe: nyekundu ya ukutani na nyekundu ya sensa, kahawia ya sensa na kahawia ya taa, bluu zote na nyeusi. Ukiitazama kazi ni safi, rangi zimeoana. Lakini umeme umeletwa upande wa kutokea, na mtambo wa ndani wa sensa, ambao unakula kupitia kahawia, haujapata chochote. Hauna nguvu ya kuona wala kuvuta rilei. Taa haitawaka hata akipita tembo. Hiyo ndiyo ya getini kwako, nina uhakika karibu wote.

Ya jikoni naona fundi alibadili mbinu baada ya ile ya kwanza kugoma. Akachukua nyekundu ya ukutani, kahawia ya sensa na kahawia ya taa akaziunga pamoja, bluu na nyeusi pamoja, nyekundu ya sensa ikabaki haina pa kwenda akaizungushia tepu. Hapo taa imekula umeme moja kwa moja, sensa imekuwa mtazamaji tu. Unaweza kulithibitisha hili bila kupanda ngazi: usiku kukiwa kimya simama mbali kidogo, utulie, kisha pita mbele ya sensa. Ukisikia "tik" ndogo na taa haibadiliki, sensa ni nzima na inafanya kazi yake, ila hakuna aliyeiunga na taa. Na ule waya mwekundu uliofungwa tepu, kila ikilia "tik" unapata umeme wote wa nyumba. Kwa hiyo asiuguse mtu.

Inavyotakiwa ni hivi. Laivu ya ukutani inaungwa na kahawia ya sensa, peke yao. Nyekundu ya sensa inaungwa na kahawia ya taa, peke yao. Nyutro ya ukutani, bluu ya sensa na bluu ya taa zinakaa pamoja. Kijani chenye mstari wa njano cha taa kinakwenda kwenye ethi, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini, nitalirudia hapo chini maana ndiko kwenye uzembe mkubwa. Taa zikiwa mbili kwa sensa moja, ya pili inaungwa sambamba na ya kwanza, kahawia yake kwenye ile nyekundu ya sensa, bluu yake kwenye nyutro. Kabla hujachapa kazi soma kibandiko cha sensa, kwa sababu wapo watengenezaji wachache wanaobadilisha rangi, na kwenye kibandiko kuna mchoro mdogo wenye L, N na L nyingine yenye kialama pembeni au mshale wa kuelekea taa. Huo mchoro ndio wa kuamini.

Mdau mmoja hapo juu kaandika "fuata rangi tu, rangi hazidanganyi." Naomba nitofautiane naye kabisa, na niseme kwa nini, maana ushauri huo unaweza kuua.

Nyekundu kuwa laivu na nyeusi kuwa nyutro ni mpangilio wa zamani wa Waingereza, na nyumba nyingi za Moshi na Arusha zilifungwa hivyo. Mpangilio wa kimataifa ni kahawia laivu, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Uingereza wenyewe walianza kuhamia huko mwaka 2004, na kufika 2006 nyekundu na nyeusi zilikuwa zimeondolewa kwenye kazi mpya. Vifaa vinavyotoka China vimekuja na rangi hizo za kimataifa, ila ukuta wa mzee wako haujui hayo. Sasa angalia hatari ilipo. Katika mpangilio wa zamani wa umeme wa njia tatu (three-phase, ule wa mashine kubwa), laivu zenyewe zilikuwa nyekundu, njano na bluu. Yaani bluu ya zamani ni laivu, bluu ya sasa ni nyutro. Na nyeusi ya zamani ni nyutro, lakini katika njia tatu za sasa nyeusi ni laivu. Kwenye nyumba iliyowahi kuwa na mashine ya kusaga au karakana ya kuchomelea uani, ukikuta bluu imetokeza ukutani na ukaichukulia kuwa nyutro kwa sababu ya rangi, umeunga laivu mbili. Kati ya njia na njia kuna volti 400, si 230. Sensa italipuka usoni kwako ukiwa juu ya ngazi.

Halafu kuna mafundi waliovuta waya waliokuwa nao siku hiyo. Nyekundu iliisha, wakamalizia na nyeusi. Ukishuka kwenye swichi, mara nyingi ule waya mweusi unaorudi kwenye taa ni laivu iliyopitia swichi, si nyutro. Rangi inakwambia fundi alikuwa na waya gani kwenye begi. Kazi ya waya inajulikana kwa kupima.

Kupima basi. Bisibisi ya tesita kila mtu anayo, nami ninayo, lakini usiitegemee kukwambia hakuna umeme. Kwenye jua kali la mchana taa yake ndogo huioni vizuri. Na waya uliokatika ambao umelala sambamba na wenye umeme ndani ya paipu huiwasha kidogo wakati hauna kitu cha maana. Tafuta multimita. Hizi ndogo za kawaida zinatosha, zipo maduka mengi ya vifaa vya umeme, Arusha Sokoine Road hukosi na Moshi pale Double Road vilevile. Iweke kwenye volti za AC, kiwango kilicho juu ya 230. Kwanza pima soketi ambayo unajua ina umeme ili kuhakikisha kipimo chenyewe kizima. Ndipo upime nyaya za taa. Laivu na nyutro zitasoma karibu 230. Laivu na ethi vivyo hivyo. Nyutro na ethi zisome sifuri au volti chache. Weka alama ya tepu kwenye kila waya, zima, kisha pima tena kuthibitisha umekufa, halafu rudi kwenye soketi uhakikishe kipimo hakikufa katikati. Inaonekana ni ushamba kupima mara tatu. Fanya hivyohivyo.

Na ukizima, zima breka kwenye meni swichi. Swichi ya ukutani haitoshi. Sababu moja ni kwamba nyumba nyingi swichi imewekwa kwenye nyutro badala ya laivu. Ukiizima taa inazima kweli, lakini laivu bado iko juu pale kwenye taa inakusubiri. Dalili ya kosa hili ni taa ya LED kubaki na mwanga hafifu kama wa kimulimuli hata swichi ikiwa chini, ingawa swichi zenye kitaa kidogo cha ndani nazo huleta jambo hilohilo. Ukikuta swichi iko kwenye nyutro, irekebishwe kwanza kabla ya kuhangaika na sensa.

Sababu ya pili ni inveta. Siku hizi nyumba nyingi zina inveta na betri kwa ajili ya mgao, na taa za nje ndizo watu hupenda kuziweka upande huo. Unazima umeme wa TANESCO, inveta inaona "umekatika", inaleta wake palepale. Usipoizima inveta yenyewe utafanya kazi ukidhani nyumba imelala kumbe iko macho. Nikiwa huko huko: inveta za bei rahisi ambazo mawimbi yake si laini hazipatani na sensa nyingi. Sensa hizi hupunguza volti kwa kapasita, na mawimbi ya namna hiyo huzipasha moto ndani mpaka zinakufa. Sensa zikifa mojamoja kila baada ya miezi michache na ziko upande wa inveta, angalia hapo.

Hakikisha pia ndani ya nyumba wanajua unafanya nini. Nimeona kijana anatoka kuoga, anakuta breka moja imeshuka, anaipandisha kwa roho safi kabisa.

Ethi. Kwenye picha yako sioni kijani ukutani, na kijani cha taa kimekatwa kikasukumwa ndani. Hiyo taa mpya ni ya bati la alumini, mwili mzima ni chuma. Maji yakiingia, au waya ukichubuka ukagusa mwili, mwili wote unakuwa laivu, na anayepita kuanika nguo mikono ina maji anaumaliza mzunguko. Una njia mbili tu: ama fundi avute waya wa ethi kutoka kwenye meni swichi mpaka kwenye taa, ama ununue taa ya mwili wa plastiki yenye alama ya mraba ndani ya mraba, ambayo imetengenezwa isihitaji ethi. Ipo njia ya tatu ambayo mafundi wa haraka huipenda: kuunga ethi ya taa kwenye nyutro. Usikubali. Siku nyutro ikilegea mahali fulani nyuma, mwili wa taa utakaa na volti 230 huku kila kitu kingine kikionekana kimezima. Na kama kwenye meni swichi kuna ile breka yenye kitufe cha herufi T, ibonyeze sasa hivi uone kama inashuka. Zilizo nyingi majumbani zinatakiwa zikate umeme unapovuja kiasi cha miliampia 30. Isiposhuka ukibonyeza, hiyo ni mbovu, na hiyo ndiyo ya kuanza nayo kuliko taa.

Maungio yawe ya konekta za skrubu au za kubana, ndani ya kisanduku kinachozuia maji. Kusokota waya na kuzungusha tepu kwa nje hakudumu huku. Gundi ya tepu inayeyuka kwa jua la Moshi, vumbi linaingia, tepu inajifungua, masika inakuta shaba iko wazi. Na sisimizi, sijui wanapenda nini kwenye umeme, huingia ndani ya sensa wakafa juu ya rilei mpaka haifungi. Waya ukifika kwenye taa uache ushuke chini kidogo kisha upande kuingia kwa chini, maji yadondoke pale kwenye mkunjo badala ya kufuata waya hadi ndani. Silikoni paka juu na pembeni ambako kitako kinagusa ukuta, chini acha wazi. Nimekuta watu wamepaka pande zote, taa imegeuka ndoo. Kwa ukuta usio na varanda chukua taa yenye IP65 (alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji). Ile ya IP44 inatosha chini ya paa ambako mvua ni ya kurushwa tu na upepo.

Sasa mahali pa kuiweka, ambapo kwa maoni yangu ndipo watu wengi wanakosea hata waya ukiwa sahihi.

Sensa hizi haziangalii mwendo wala sura. Zinaona joto linalohama. Ile plastiki nyeupe ya mbele imekatwakatwa vipande, kila kipande kinaangalia eneo lake, na mwili wenye joto unapovuka kutoka eneo moja kwenda jingine ndipo inashtuka. Matokeo yake ni kwamba mtu anayekatiza mbele yake anaonekana mapema sana, na mtu anayeijia moja kwa moja anaweza kufika karibu kabisa kabla haijamwona. Kwa hiyo sensa ya geti usiielekeze getini uso kwa uso. Iweke pembeni, ukutani, ili anayeingia akatize mbele yake. Urefu mita mbili hadi mbili na nusu ni mzuri. Mafundi wanapenda kuipachika juu kabisa chini ya paa "isiibiwe", halafu inaona vichwa vya mita kumi na kuruka anayepita chini yake.

Kwa sababu inaona tofauti ya joto, hali ya hewa inaibadilisha. Moshi Januari na Februari, ukuta na sakafu vimeoka mchana kutwa, mwanzo wa usiku bado vina joto linalokaribia la mwili, na sensa inakuwa kama imesinzia. Arusha Juni na Julai, baridi ile ya Sakina na Ngaramtoni, sensa hiyohiyo inamshtukia mbwa aliye mbali. Usidhani imeharibika, sogeza tu kitufe cha usikivu. Na usiielekeze kwenye migomba. Jani la mgomba limeota jua mchana, jioni upepo wa mlimani unashuka, jani linapeperuka mbele ya sensa, taa inawaka na kuzima mpaka jirani anadhani unampungia. Kule uchagani kwa wazazi kuna na komba juu ya miti, hao dawa yao sina, nilichofanya ni kuiinamisha sensa itazame chini na kubandika kipande cha tepu kwenye sehemu ya juu ya plastiki ili isione matawi. Hiyo ya tepu inafanya kazi vizuri sana hata kuziba upande wa barabara kama bodaboda ndizo zinazowasha taa yako.

Isiangaliane na taa yenyewe wala ukuta mweupe ulio karibu. Ndani ya sensa kuna jicho jingine la kupima mwanga. Taa ikiwaka na mwanga ukarudi kwenye jicho hilo, inadhani kumekucha, inazima, inaona giza, inawasha, inazima. Ile kuwakawaka kama disko ambayo mdau mmoja wa Kijenge kaiulizia hapo juu ni hiyo, wala haihusiani na waya.

Vile vitufe vya chini ya sensa: kimoja cha mwanga chenye picha ya jua na mwezi, kimoja cha muda, na baadhi zina cha usikivu. Siku ya kufunga peleka cha mwanga kwenye jua na cha muda kwenye kidogo kabisa, ili ujaribu mchana bila kusubiri giza. Ukiwasha umeme taa itawaka yenyewe kwa sekunde kadhaa au hata dakika, sensa inajizoesha na mazingira, iache. Ikizima, tembea mbele yake mara kadhaa uone inakoanzia kukuona. Ikikubali, rudisha kitufe cha mwanga upande wa mwezi, kisha jioni kiza kinapoingia, saa kumi na mbili na nusu kuelekea saa moja, kisogeze polepole hadi mahali taa inapoitikia ukipita. Huku kwetu jua linazama muda karibu uleule mwaka mzima, kwa hiyo ukishapaweka hapo hutahangaika tena. Ukikiacha mwisho kabisa wa mwezi, na kuna taa ya barabarani au ya varanda karibu, sensa haitaona giza la kuitosha na haitawaka kamwe. Hii nayo huitwa feki.

Swichi ya ndani ya taa hiyo ibaki imewashwa muda wote. Wazee hawalipendi hili, wakienda kulala wanazima swichi zote, na sensa bila umeme ni pambo la ukutani. Kwa mama yangu niliishia kuondoa swichi ile na kuweka kifuniko kisicho na kitu. Pia sensa nyingine zina mtego: ukizima na kuwasha swichi harakaharaka mara mbili zinakwenda kwenye hali ya kuwaka moja kwa moja. Umeme unaporudi kwa kuchezacheza unaweza kufanya jambo hilohilo. Dawa ni kuzima kwa nusu dakika hivi na kuwasha mara moja. Na umeme ukirudi saa sita mchana ukaona taa imewaka, ndiyo ile ya kujizoesha, itazima.

Kwa aliyependekeza sensa za mawimbi, zile za rada: ndani ya korido au stoo ni nzuri, nje kwa maoni yangu hapana. Zinapenya mbao, kioo na kuta nyembamba, zinamwona anayepita ndani ya sebule, na mvua ikinyesha zinawaka zenyewe. Na kwa aliyesema achana na nyaya nunua za sola: kwa geti lililo mbali na nyumba nakubaliana naye, maana kupeleka umeme huko kunahitaji waya wa ardhini wenye kinga ya chuma na kuchimba mfereji, na gharama yake inakuwa kubwa kuliko taa. Ila Julai wingu likikaa siku nzima usitegemee zifike alfajiri, na betri zake huchoka.

Kuhusu kuacha ile ya jikoni iwake tu usiku kucha "maana LED haili umeme": inakula. Taa ya wati 20 kwa saa 12 ni uniti 0.24, kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 7.2. Mbili ni 14.4. Kama mzee yuko kwenye lile daraja la matumizi madogo lenye mwisho wa uniti 75 kwa mwezi, hizo ni karibu moja ya tano ya LUKU yake kwa ajili ya kumulika migomba. Kwa sensa, hata zikiwaka jumla ya saa nzima kila usiku, pamoja na kidogo kinachotumiwa na sensa zenyewe, hazitavuka uniti mbili kwa mwezi.

Je, ufanye mwenyewe? Kubadilisha sensa mahali ilipokuwa sensa, ukiwa na multimita na mtu wa kushika ngazi, mtu makini anaweza. Kuvuta waya wa ethi, kuhamisha swichi kutoka kwenye nyutro, au nyumba yenye njia tatu, hapo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwombe akuonyeshe. Fundi wako wa sasa sidhani kama ni tapeli. Mrudishe, mwonyeshe mchoro ulio kwenye kibandiko cha sensa bila maneno mengi, atabadilisha maungio ya zote mbili na hana sababu ya kukudai hela nyingine ya ufundi.

Akifungua ile ya jikoni mwambie asitenganishe kitu kwanza. Piga picha ya nyaya za ukutani zikiwa zimeondolewa tepu na breka ikiwa chini, uiweke hapa. Nataka kuona kama kweli ni mbili tu. Nyumba za umri huo mara nyingine ethi ipo, waya mtupu wa shaba bila ganda, umekunjwa na kufukiwa kwenye plasta nyuma ya kitako cha taa ya zamani. Akikwangua kidogo na bisibisi anaweza kuukuta.